Namna ya Kumkabidhi Kijana wa Sikoseli kwa Madaktari wa Wakubwa Bila Lawama Kukuangukia

Hongera sana, mama. Hongera na wewe baba, kama ulikuwa unahudhuria kliniki. Mwanenu mwenye sikoseli sasa ana miaka 17, sauti imeanza kukwaruza, na yule sista wa kliniki ya watoto aliyekuwa akimpa pipi anamtazama kwa jicho la "hivi huyu bado yupo hapa?" Muda wa kuhama umefika.

Shida hii ni ngeni, tuipe heshima yake. Zamani watoto wengi wa sikoseli hawakufika darasa la kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeumiza kichwa kuhusu kliniki ya wakubwa. Siku hizi kuna folik, kuna penisilini kwa wale wa chini ya miaka 5, kuna haidroksiyurea, na tangu mwaka 2004 pale Muhimbili upo mpango maalumu wa kuwafuatilia wagonjwa hawa. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, na wanaofikia kuota ndevu wanazidi kuongezeka. Mfumo haukujiandaa kwa ndevu.

Nitakuonyesha njia fupi. Kumfikisha kijana salama upande wa pili ni kazi ya watu wenye muda. Sisi tunataka hivi: akipotea katikati, mzazi, daktari wa watoto, daktari wa wakubwa na kijana mwenyewe, kila mmoja awe na la kusema. Wengi wanaifuata njia hii tayari bila kufundishwa na mtu. Mimi nimeipanga tu hatua kwa hatua.

1. Chelewa kuanza

Waingereza wana mwongozo wao wa mwaka 2016 unaotaka maandalizi yaanze mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Wenzetu wana haraka. Mtoto wa miaka 13 bado anakumbushwa kuoga, atakumbuka kiwango chake cha damu? Mwache kwanza amalize la saba. Kisha kidato cha pili kina mtihani wa taifa. Kisha cha nne. Kisha tunasubiri matokeo, na kipindi cha kusubiri matokeo hakuna anayetaka kusikia habari za hospitali. Ukifuata kalenda ya mitihani hutakuta mwaka hata mmoja unaofaa kuzungumzia ugonjwa, na hiyo ndiyo kinga yako.

Maumbile nayo yatakusaidia. Watoto wa sikoseli mara nyingi hubalehe nyuma ya wenzao, mwaka mmoja, miwili. Wa miaka 16 anaonekana wa 13. Litumie umbo hilo. Mwenye mwili mdogo haulizwi maswali makubwa, na hakuna atakayeshangaa ukimfunga vifungo vya shati mbele ya daktari.

Usiulize pia hospitali yenu inahamisha kwa umri gani. Kwingine wodi ya watoto huishia miaka 12 au 13, kwingine 15, kwingine 18. Wa kwenu utaambiwa mapokezi, siku utakayofika umemshika kiunoni anagugumia kwa maumivu: "Mama, huyu ni mkubwa, mpeleke kule." Kule wapi? Utaelekezwa kwa mkono.

2. Ugonjwa uhifadhi kichwani mwako

Wewe ndiye faili. Unakumbuka mwaka aliolazwa kwa kifua, dawa iliyomtoa vipele, mkono upi mshipa hupatikana upesi na sista yupi huupata kwa mara moja. Maarifa hayo usimgawie mtu, hasa mwenye mwili. Mama asiyehitajika kliniki ni mama wa nini?

Kazi yenyewe iko ndani ya chumba cha daktari. Daktari akimgeukia kijana na kusema, "Eh, kijana, unaendeleaje?", una sekunde mbili. Zitumie.

"Anaendelea vizuri, dokta, ila juzi alilalamika nyonga."

"Dawa unakunywa?"

"Anakunywa, dokta. Mimi mwenyewe namsimamia."

"Na shule?"

"Wa nne darasani, dokta, tunamshukuru Mungu."

Wakati huo kijana aangalie vidole vya miguu yake. Akifungua mdomo, mguse goti chini ya meza. Akiwa mbishi, cheka kidogo na useme, "Huyu naye!" Maneno hayo mawili yamenyamazisha wanaume wazima, hayashindwi na mtoto. Wahenga walishatupa ruhusa: mgonjwa haulizwi uji.

Nyaraka zikae kwenye bahasha ya kaki, bahasha juu ya kabati, kabati chumbani kwako, na chumba kifungwe. Humo mna daftari la kliniki lililotoka jalada, majibu ya maabara yaliyofifia wino, picha ya eksirei ya nyonga, na risiti ambazo hazina kazi ila unaogopa kuzitupa. Kijana asijue hata namba yake ya faili. Siku atakayokwenda peke yake, mapokezi watamfungulia jipya. Wapo wanaohama mji ili waanze maisha upya. Yeye ataanza kwa bei ya kufungua faili.

Mpime kila baada ya muda. Mwulize anatumia dawa gani. Akijibu, "Kile kidonge cha njano na kile kingine," umefaulu. Akianza kutaja majina na miligramu, kuna mtu anakuhujumu. Anza kumchunguza shangazi yake.

3. Usiupe ugonjwa jina

Nyumbani useme "ile hali yake". Kwa majirani, "ana upungufu wa damu". Shuleni usiseme kabisa. Asubuhi atakimbia mchakamchaka na wenzake, mchana atashinda bila maji kwa sababu mwalimu hapendi wanafunzi wa kutokatoka, na jioni nyonga itaongea badala yako.

Atakuwa amesikia mtaani kwamba watu wa sikoseli hawavuki miaka 18. Usimkatalie wala usimthibitishie. Mwache alale nayo. Kijana anayeamini hatafika 20 hana sababu ya kuulizia kliniki atakayotibiwa akiwa na 20, na shughuli yetu inakuwa nyepesi sana.

Chonde chonde, asije akasikia habari za Walter Clement Noel. Huyo alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, akalazwa Chicago akiwa na miaka 20, na Daktari James Herrick akaandika habari zake mwaka 1910. Ndiyo taarifa ya kwanza ya sikoseli katika majarida ya tiba ya Magharibi. Yaani ugonjwa huu tunaouita wa watoto uliingia kwenye maandishi ya madaktari kupitia mtu mzima, tena mtu mzima aliyemaliza chuo, akarudi kwao na kufanya kazi ya meno, wakati ambapo haidroksiyurea haikuwa hata ndoto. Habari za namna hiyo zinampa kijana mawazo.

4. Ya aibu yabaki ya aibu

Sogea karibu, hili nitalisema taratibu. Wavulana wenye sikoseli, hasa wanapoingia ujanani, wapo wanaopatwa na uume kusimama kwa maumivu, bila hamu yoyote, saa baada ya saa. Ikipita saa 4 mfululizo ni dharura ya hospitali, na wakichelewa madhara yanaweza kuwa ya kudumu. Nani atamwambia? Mama haiwezekani. Baba anasubiri mama aanze. Mjomba aliahidi kuja Pasaka. Daktari wa watoto anaona bado mtoto, daktari wa wakubwa anaona alishaambiwa. Kwa mpangilio huu hakuna aliyekosea. Kijana atajifungia bafuni na ndoo ya maji baridi hadi alfajiri, na baridi, kama unavyojua mama, ndiyo inayomwamshia maumivu mengine.

Binti mkabidhi kwa shangazi, na shangazi amwambie "uwe makini", basi. Asimwambie kwamba haidroksiyurea haitumiki ovyo kwa anayetarajia kushika mimba, kwamba ni jambo la kukaa na daktari kabla. Asimwambie kwamba mimba ya mwenye sikoseli inataka uangalizi wa karibu tangu mwanzo. Na kuhusu mchumba kupima damu ajulikane kama ni AS, yaani mbebaji wa sikoseli, subirini kadi za mchango ziwe zimeshachapishwa na mahari imeshapokelewa. Hapo hata mkiambiwa herufi zote za alfabeti, harusi iko palepale.

5. Kwa daktari wa watoto: faili nene, barua nyembamba

Karibu, dokta. Wewe umemlea huyu tangu hajaota meno. Umemtoa kwenye malaria, nimonia, na usiku ule wengine walipokuwa wamekata tamaa. Moyoni unajua hakuna atakayemtibu kama wewe. Ni kweli, na usiharibu ukweli huo kwa kumfundisha mwenzako.

Barua ya rufaa iwe hivi: "Mgonjwa anafahamika kuwa na sikoseli. Tafadhali mwone na umhudumie." Saini, tarehe, mhuri. Mhuri uusukume vizuri, usomeke kuliko maandishi.

Usiandike damu yake ya kila siku ni ngapi. Usiandike ameongezewa damu mara ngapi na kama iliwahi kumletea shida. Usiandike ni dawa gani ya maumivu humtuliza na kwa kiasi gani. Hayo mliyajua wewe na mama yake baada ya miaka ya kubahatisha, mwenzako naye abahatishe. Kipimo cha mishipa ya damu ya kichwani, kile kinachoonyesha mtoto yupi yuko hatarini kupata kiharusi, huwahusu wa miaka 2 hadi 16. Kwa hiyo akitimiza 16 mada imefungwa, hata kama majibu ya mwisho yalikukosesha usingizi.

Kumpigia simu daktari wa upande wa pili usifikirie. Namba yake unayo, mlisoma pamoja, mko kundi moja la WhatsApp na jana mmetumiana vichekesho. Lakini kumpigia kwa ajili ya mgonjwa ni kujishusha. Kukaa naye chumba kimoja siku moja, mkamwona kijana kwa pamoja, ni kumwonyesha kila mtu kwamba hiyo kazi inawezekana, na wiki ijayo wataletwa wengine.

6. Makabidhiano yafanyike usiku

Siku ya kliniki haifai kuhamia. Kumetulia, kijana hana maumivu, anaweza kujieleza, daktari ana kalamu mkononi. Mambo yanaweza kwenda sawa kwa bahati mbaya. Subiri krisisi, yale maumivu makali ya ghafla.

Saa nane usiku, mvua, bajaji. Daktari wa zamu hajawahi kumwona. Mbele yake yuko kijana wa miaka 19, mwembamba, macho ya njano, anajikunja juu ya benchi, na anachosema ni hiki: "Dokta, nipeni mofini, ndiyo inayonisaidia."

Utamu wa njia yetu uko hapo. Miaka miwili nyuma, upande wa watoto, maneno hayohayo yangemfanya aitwe mtoto anayejitambua. Huku, kijana wa kiume anayeijua mofini kwa jina usiku wa manane ana jina lake moja tu: teja. Apewe panadoli, akae pembeni, "tumwangalie kwanza". Maumivu ya sikoseli hayana kipimo cha maabara cha kuyathibitisha. Chembe nyekundu zimejikunja na kuziba mishipa midogo, mfupa unakosa hewa, na ushahidi pekee ni mdomo wa mgonjwa. Kwa hiyo uamuzi uko kwetu. Akilia, anaigiza. Akinyamaza, amepona. Akichukua simu apoteze mawazo, si unaona mwenyewe, ana muda wa kuchati.

Usikose sehemu ya pili ya usiku huo, mama, maana ni yako. Wodi ya watoto ulilala naye, kitanda kimoja, kanga moja, ukawa sista msaidizi usiye na mshahara. Wodi ya wanaume mama halali. Mlinzi atakusogelea kwa adabu, "Mama yangu, muda wa kuona wagonjwa umekwisha," naye anafanya kazi yake. Utatoka na chupa ya uji. Faili limetoka getini kwa miguu yake.

Ndani, kijana amewekwa kati ya mzee wa kiharusi na mzee mwingine anayeongea na marehemu mkewe. Daktari wa raundi anamwuliza, "Una dawa yoyote inayokudhuru?" Kijana anatazama mlangoni.

Kazi ya miaka 17 imekamilika.

7. Kwa daktari wa wakubwa: anzia sifuri

Dokta, usiamini karatasi za wenzako. Agiza kipimo cha kuthibitisha kama kweli ana sikoseli. Analo tatizo hilo tangu kuzaliwa na halijawahi kuhama, lakini kuuliza si ujinga, na majibu yakitoka utakuwa umeligundua wewe.

Kisha angalia damu yake, hemoglobini. Itasoma 7. Ndiyo damu yake ya siku zote, ameendea shule, amefanyia mtihani na amechezea drafti akiwa na 7. Chembe nyekundu za mtu mwingine hukaa siku 120 hivi. Za kwake hukaa siku 10 hadi 20, na mwili wake umezoea kuishi na chache. Lakini wewe umezoea kuona 13 na kuendelea kwa mwanaume, kwa hiyo mwongeze hadi afanane na wanaume wenzake. Ukipandisha damu ya mgonjwa wa sikoseli kupita kiasi inakuwa nzito na inaweza kumletea kiharusi. Ila karatasi ya maabara itakuwa imependeza. Mwenye kujua kwamba 7 ni yake na kwamba wasiwasi uanze ikishuka kutoka hapo yuko nje ya geti na chupa ya uji.

Wagonjwa wako wengi ni wa presha na kisukari, watu wa makamo wanaojibu wakiulizwa. Huyu haongei, miaka 17 kaongelewa. Andika "hatoi ushirikiano". Asipotokea kliniki mara ya pili, andika "mtoro". Upande wa watoto sista alikuwa akimpigia mama yake simu. Huku hatupigi, huyu ni mtu mzima. Kliniki iwe siku ya masomo, asubuhi, na foleni iishe saa nane.

Kama unadhani haya ni mambo ya nchi zenye uhaba, ondoa shaka. Kule Dallas, Marekani, waliwafuatilia watoto wa sikoseli tangu kuzaliwa, na matokeo waliyotoa mwaka 2010 yalionyesha kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 wanavuka miaka 18. Vifo vilikuwa vimehamia mbele, na vilitokea muda mfupi baada ya vijana kukabidhiwa kwa madaktari wa wakubwa. Mashine wanazo, dawa wanazo, bajaji hawapandi. Njia yetu inafanya kazi popote.

8. Na wewe mdogo wangu

Umefika 18, uko huru, hakuna wa kukuhesabia vidonge. Haidroksiyurea ina tabia moja ya kukusaidia kuiacha: inafanya kazi kimyakimya. Inauamsha mwili utengeneze ile hemoglobini ya kichanga, ambayo haijikunji, na inachukua miezi kuonyesha faida. Ukiimeza leo huhisi kitu. Ukiiacha leo huhisi kitu. Akili ya kawaida inakuambia nini?

Chuoni usimwambie mwenzako wa chumbani. Ukizidiwa, atadhani umelewa na atakufunika shuka. Maji kunywa ukikumbuka. Na kile kikosi cha mpira cha saa tisa juani, ukikataa watakuonaje?

9. Mengine yatajipanga yenyewe

Bima nyingi humtambua mtegemezi hadi miaka 18, na zile zenye huruma husogeza kidogo akiwa bado shule. Usiangalie tarehe. Utaigundua dirisha la dawa, nyuma yako kukiwa na watu thelathini wanaoguna. Namba ya NIDA mkaiombe wiki hiyohiyo, tuone ipi itafika kwanza, namba au krisisi.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka vizuri, Tamisemi inaweza kumpangia Njombe. Njombe ni pazuri sana na pana baridi. Kaombe ahamishiwe ukitaka kusumbuka, lakini barua ya daktari inahitajika, na daktari atauliza ugonjwa gani, na ugonjwa hatujaupa jina. Akimaliza cha sita, jina lake litakuwa kwenye orodha ya JKT. Ugonjwa wake hauonekani kwa macho, na afande si daktari wa damu.

10. Maadui wa njia hii

Wapo, na hawana haya. Wa kwanza ni yule sista anayesema, "Mama, leo tunaanza na kijana peke yake, dakika kumi, wewe utaingia baadaye." Mtoto ana miaka 14 tu! Dakika kumi zinatosha kabisa kwa kijana kusema kwamba usiku wa juzi alijifungia bafuni. Ukimwona sista huyo, anza kukohoa mlangoni.

Mwingine ni anayempeleka kijana kuitazama kliniki ya wakubwa kabla hajahama: hapa ndipo mapokezi, hapa unalipia, dirisha la dawa lile, choo kile, na huyu ndiye sista utakayemwulizia. Asubuhi moja tu, na woga wa mwaka mzima umekwisha. Hatari zaidi akikutana pale kwenye benchi na kaka wa miaka 32 mwenye sikoseli, ana kazi, ana mke, ana mtoto, amekuja kuchukua dawa zake na anawahi ofisini. Mkikaa naye robo saa, ile hadithi ya kutovuka 18 imekufa na hamtaifufua.

Lakini wa kuogopwa kuliko wote ni karatasi moja. Jina lake, namba ya faili, aina ya sikoseli, damu yake ya kila siku, dawa zote na vipimo vyake, dawa inayomdhuru, mara ya mwisho kuongezewa damu, kinachomtuliza maumivu na kwa kiasi gani, simu ya daktari anayemjua, na mhuri wa daktari huyo chini. Upande mmoja unatosha. Karatasi hiyo ikifika saa nane usiku kwa daktari wa zamu, teja anageuka mgonjwa, 7 inaachwa ilivyo, na mama anaweza kwenda nyumbani akalala.

Ukiikuta mezani kwako, kwa mwandiko wa kijana mwenyewe, na amekwisha kuipiga picha ikakaa kwenye simu, mimi na wewe tumemalizana. Mwongozo huu mpe mzazi mwingine. Waliokaa foleni ya kliniki Jumatatu ni wengi.